Mkwaruzo kwenye Saa ya Baba

Baba yetu alituachia mashamba mawili ya kahawa, nyumba ya matofali ya kuchoma, Biblia ambayo jalada lake alilishona upya kwa uzi wa fundi viatu, na saa moja ya mkononi. Mashamba hayakutusumbua. Aliyagawa mwenyewe akiwa hai, mbele ya wazee wa ukoo na wazee wa kanisa, na kila mmoja wetu anaujua mpaka wake. Nyumba ni ya mama. Biblia pia mama ndiye anayeisoma. Kilichotugombanisha, watu wazima wenye watoto wakubwa, ni saa.

Tuko wanne, wazaliwa wa Ruanda, Wilaya ya Mbozi, kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Mdogo wetu wa mwisho ndiye mchungaji, na ndiye aliyeshika kalamu hii. Lakini maneno haya tumeyasoma pamoja, wote wanne, kabla hayajatoka nyumbani. Imebidi iwe hivyo kwa kuwa mmoja wetu anaguswa kuliko wengine, naye ametupa ruhusa. "Andikeni," alisema. "Ila msinipambe."

Saa yenyewe ni Seiko 5. Wenye umri wetu wanaikumbuka: ilikuwa saa ya walimu, ya makarani, na ya wakulima waliopata msimu mzuri. Wajapani walianza kuitoa mwaka 1963, na ile tano ni hesabu ya ahadi zake. Inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, inaonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, inastahimili maji, kitufe chake kimejificha usawa wa namba nne, na ya tano, kasha na mkanda wake ni vya kudumu. Baba aliinunua mwaka 1977 kwa kuvuka mpaka wa Tunduma hadi Nakonde. Baridi kali ya mwaka 1975 ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili, bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, na hivyo mkulima wa Mbozi akavaa saa kwa sababu ya jalidi iliyoanguka katika nchi asiyoijua. Baba alilisema hilo mara nyingi, bila kucheka, kila alipotuonya tusijisifu kwa mali.

Ile ahadi ya tano ilitimia kwa namna yake. Mkanda ule wa chuma ulikaa mkononi mwa baba miaka 42. Mikwaruzo myepesi iliujaa kama mistari ya kiganja: ya mpini wa jembe, ya magunia ya katani, ya ukingo wa benchi la kanisani alipoegemeza mkono kila Jumapili. Hiyo hakuna aliyeijali. Lakini karibu na kibanio ulikuwapo mkwaruzo mmoja mrefu, wenye kina, uliokata pingili tatu kwa mshazari. Huo kila mmoja wetu aliujua, na kwa miaka 18 hakuna aliyeutaja mezani.

Mwaka 2001 kaka yetu mkubwa aliuza kahawa ya baba ikiwa bado mtini. Alimwuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa, na fedha akaimaliza. Baba alipata habari siku mlanguzi alipofika na vijana wake kuchuma. Usiku ule walishikana uani, karibu na mashine ya kumenyea kahawa. Baba hakupiga. Alimshika kaka mkono akimwambia akae waongee. Kaka akajikwanyua kwa nguvu, na mkono wa baba, ule wenye saa, ukaburuzwa juu ya ukingo wa chuma wa mashine. Damu ilitoka kidogo. Mlio wa chuma kwa chuma sisi watatu tuliusikia tukiwa ndani, na dada yetu mkubwa anasema bado anausikia.

Kaka aliondoka kabla hakujapambazuka. Alikaa Tunduma miaka minne akipakia na kupakua malori mpakani. Mwaka 2005 alirudi, akapiga magoti mbele ya baba, kisha mbele ya wazee wa kanisa, maana usharika ulikuwa umemtenga. Akarudishwa kundini, na Jumapili hiyo akaenda Meza ya Bwana bega kwa bega na baba. Kahawa ile aliilipa kwa misimu mitatu. Hayo yote yako wazi. Hata majirani zetu Wamoraviani, ambao katika Mbozi ndio wengi kuliko sisi Walutheri, waliyajua na wakamshukuru Mungu pamoja nasi.

Kabla hajafariki mwaka 2019, baba aliagiza kwamba saa apewe mjukuu wake wa kwanza wa kiume siku ya kipaimara chake. Mjukuu huyo ni mtoto wa kaka. Siku ilipokaribia, kaka alikuja kwa mama akaomba saa aipeleke kwa fundi, mkanda upigwe msasa na kung'arishwa hadi mikwaruzo yote iishe. Alikuwa ameshatenga fedha. Dada yetu mkubwa alikataa palepale. "Ukiufuta huo, unamfuta baba," alisema. Dada yetu wa pili akamuunga mkono. Kaka akamgeukia mchungaji.

"Mdogo wangu," alisema, "kila Jumapili unatuhubiria kwamba Mungu amezitosa dhambi zetu vilindini. Yangu mbona mnataka ielee, tena mkononi mwa mwanangu?"

Aliyeshika kalamu alikaa chuo cha teolojia miaka mingi, na amehubiri juu ya msamaha zaidi ya anavyoweza kukumbuka. Jioni ile hakuwa na jibu. Msamaha ukishatolewa na kupokelewa, alama ya kosa ifanywe nini? Je, kuiacha ni kutouamini msamaha? Je, kuifuta ni kusema uongo? Tunaungama kwamba tulikuwa tukiishi na majibu mawili tofauti bila kujua. Tukisikia ushuhuda kwenye semina, mtu akieleza jinsi alivyogeuzwa akawa mpya kabisa, tunapiga makofi. Tukirudi nyumbani, tunamwita binti wa jirani "yule aliyewahi kutengwa", ingawa alirudishwa kundini wakati wa Askofu aliyepita. Mdomo mmoja unang'arisha, mwingine unahifadhi.

Tulikubaliana jambo moja tu: twende kwa fundi wote wanne. Fundi saa tuliyemwendea ni mzee mwenye meza ndogo ya kioo sokoni Mlowo. Alishangaa kuona watu wazima wanne na saa moja. Alivaa lenzi yake jichoni, akaugeuzageuza mkanda kwa muda mrefu, na kabla ya kutaja bei akaanza kutufundisha. Tunayaandika aliyosema kwa urefu kwa sababu mwenye kalamu hajawahi kusikia mahubiri ya toba yaliyomsaidia kuliko yale, na fundi hakujua kwamba anahubiri.

Mkwaruzo, alisema, ni mfereji. Watu huleta saa wakisema, niondolee mkwaruzo, kana kwamba ni kitu kilichobandikwa juu. Haukubandikwa. Ni mahali ambapo chuma kimesukumwa au kimetoka. Unachoweza kufanya ni kushusha uso wote unaouzunguka mpaka ulingane na sakafu ya mfereji. Msasa hauongezi chuma, wala dawa ya kung'arishia haiongezi. Vyote viwili vinakula chuma kizima ili kile kilichoumia kisionekane. Kwa mikwaruzo myembamba kama unywele hasara ni ndogo. Penye uso wa nyuzinyuzi unapitisha msasa laini kwa kuzifuata nyuzi, kwa mwendo mmoja, bila kuzungusha. Penye uso unaong'aa kama kioo unatumia kitambaa na dawa. Lakini kwa mfereji kama huu itabidi kusaga sana, na mkanda huu hauna cha kusaga. Alitugeuzia upande wa chini tuone. Pingili za mkanda kama ule si vipande vizima vya chuma. Ni bati la chuma lililokunjwa, na ndani yake ni tupu. Ukizisaga hadi chini, kingo zake zitapotea, zitakuwa mviringo kama maharage, na pengine zitatoboka.

"Utang'aa," alisema. "Ila hautakuwa mkanda wa mzee wenu, wala hautashika."

Kisha aliushika mkanda kwa ubavu, ukining'inia hewani. Mkanda mzima husimama karibu wima. Wa baba uliinama kama kamba iliyolowa. Kaka akasema, unaona, umechakaa, mikwaruzo imeumaliza. Fundi akatikisa kichwa. Aliutenganisha na saa, akauweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu yenye sabuni, akausugua kwa mswaki laini kati ya pingili na pingili. Maji yakageuka meusi. Ilikuwa miaka 42 ya jasho, mafuta ya mwili, sabuni, na lile vumbi letu jekundu la kiangazi ambalo kila mtu wa Ruanda analijua hadi kwenye chai. "Hiki ndicho kinachoua," alisema. Vumbi lina mchanga ndani yake. Likichanganyika na jasho linakuwa msasa uliojificha kwenye maungio, na kila mkono unapotikisika linasaga pini. Mikwaruzo iko juu, kila mtu anaiona, na haijawahi kuua mkanda wowote. Uchafu uko ndani, hauonekani, na unafanya kazi usiku na mchana.

Hapa tutoke kidogo mezani kwa fundi. Sisi wa Mbozi tunajua chuma kuliko wengi, maana kimetuangukia kutoka mbinguni. Kimondo kilichoko Ndolezi, katika kilima cha Marengi, kina uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Kwa sehemu kubwa ni chuma, takribani asilimia 90, na nikeli karibu asilimia 9. Tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa kukiona, na kila mtoto alitia kidole mahali palipokatwa zamani kuchukuliwa kipande cha uchunguzi. Tulikitazama na pengo lake na hatukuwahi kufikiri kwamba kimeharibika.

Lakini chuma cha kawaida, ukikiacha kwenye mvua, hushikwa na kutu, na mahali palipokwaruzwa ndipo kutu huanzia. Chuma cha pua cha saa, ambacho mafundi wetu wanakiita stenlesi, kina siri nyingine. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikiyeyusha chuma pamoja na kromi, na kromi ikikutana na hewa hujifanyia ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho. Ukikikwaruza chuma hicho, unaichana ngozi. Lakini papo hapo, kwa hewa ileile, ngozi hujifunga upya, hata chini kwenye sakafu ya mfereji. Ndiyo maana mkwaruzo wa mwaka 2001 haukuwa na kutu hata chembe. Fundi alitupa lenzi tutazame kwa zamu. Ulikuwa msafi ndani kama uso wa juu. Ulikuwa umepona siku nyingi, nao ulikuwapo.

Mwenye kalamu alipoutazama alikumbuka Yohana 20. Bwana aliyefufuka anaingia milango ikiwa imefungwa, katika mwili ambao kifo hakiuwezi tena, na mwili huo una mashimo ya misumari na ubavu uliofunguliwa. Mungu aliyeweza kuliondoa jiwe kaburini angeshindwa kuziba mashimo ya misumari? Hakuziba. Hayatoi damu tena wala hayamletei maumivu, na Tomaso anaalikwa aguse. Hata katika Ufunuo 5, mbele ya kiti cha enzi, Mwanakondoo anaonekana kama aliyechinjwa. Mbinguni kwenyewe alama hazikusagwa.

Tuliposema hayo, kaka hakuridhika, na alikuwa na haki. "Hayo ni majeraha ya asiye na kosa," alisema. "Yake ni utukufu. Huu wangu ni aibu." Akaongeza, kwa kuwa anaisoma Biblia yake vizuri, kwamba Malaki anamfananisha Bwana na moto wa msafishaji wa fedha, je, huko si kusaga? Tulirudi kwenye Malaki 3 jioni ile kwa taa ya mama. Tukaona kwamba nabii anataja vitu viwili pamoja, moto wa mfua fedha na sabuni ya dobi. Na moto wa mfua fedha unatoa takataka ndani ya fedha. Fedha yenyewe haipunguzi. Msasa unakula chuma chema. Daudi naye, katika Zaburi ya 51, anaomba kuoshwa na kuumbiwa moyo safi. Aliyatenda mabaya kuliko ya kaka yetu, akasamehewa. Lakini fungua Mathayo sura ya kwanza uone jinsi ukoo wa Bwana ulivyoandikwa. Mama yake Sulemani hakutajwa kwa jina lake. Ametajwa kama aliyekuwa mke wa Uria. Vizazi vilikuwa vimepita, Daudi amekwisha kuwa mfalme wa nyimbo na sifa, na mwinjilisti ameacha mkwaruzo ule palepale, katika ukoo wa Mwokozi, ili jina la aliyeuawa lisisagwe kwa ajili ya kumng'arisha aliyeua.

Hilo lilimnyamazisha kaka. Lingeweza kutuponza sisi watatu, kwa maana tulijiona tumeshinda. Lakini kuna jambo moja la mezani kwa fundi ambalo bado hatujalisimulia.

Alipokuwa akiukausha mkanda, fundi alipitisha ukucha wake juu ya mkwaruzo, mara ya kwanza, mara ya pili, akarudisha lenzi jichoni. "Huu ulishashughulikiwa," alisema. Hatukuelewa. Akaeleza kwamba chuma kikikwaruzwa, kile kilichosukumwa huinuka pembeni mwa mfereji, kama udongo unavyoinuka kandokando ya mtaro. Huo mwinuko huwa mkali. Unachubua ngozi, unavuta nyuzi za shati, unamkwangua mtoto anayebebwa. Katika mkwaruzo wa kina kama ule ilipasa uwepo, na haukuwapo. Mtu alikuwa ameuondoa kwa msasa laini, taratibu sana, bila kuugusa mfereji wenyewe wala uso wa pembeni.

"Si kazi ya fundi," alisema. "Ni kazi ya mtu aliyekaa nayo jioni."

Kaka aliondoka pale, akaenda kusimama kando, kwenye magunia ya wauza viazi, akatupa mgongo.

Tulipomwuliza mama, alishangaa kwamba hatukujua. Ilikuwa wiki ileile ya ugomvi, alisema. Mkanda ulikuwa ukimchubua mkono baba, na siku alipombeba mtoto wa dada yetu, mtoto alilia kwa kukwanguliwa shavu. Jioni hiyo baba aliomba kipande cha msasa kilichobaki kwenye kazi ya milango, akakaa kibarazani hadi giza. Kaka alikuwa Tunduma, hajatuma neno, hajaomba radhi, wala hakuna aliyejua kama atarudi. Mama alimwambia baba, peleka kwa fundi waufute kabisa. Baba akajibu kwamba usiokata haumsumbui.

Tangu hapo tumeisoma upya Yohana 21. Bwana yuleyule aliyemwonyesha Tomaso majeraha anakutana na Petro ufukweni, penye moto wa makaa, kama ule moto wa makaa ambao Petro alimkana akiuota. Anamwuliza mara tatu kama anampenda. Hasemi hata mara moja, ulinikana. Petro anahuzunika, maana hesabu ya tatu anaijua. Lakini aliyejeruhiwa hamnyoshei mikono yenye misumari kama hati ya mashtaka. Alama zile zile, kwa Tomaso ziliondoa shaka. Kwa Petro zilikaa kimya, akapewa kondoo wa kulisha.

Basi swali letu lilikuwa limekosewa tangu mwanzo. Tulikuwa tukigombania kama alama ibaki au iondoke, na hakuna aliyeuliza kama inakata. Kwa baba haikukata tena. Kwetu sisi watatu ilikata, na sisi ndio tuliokuwa tumeunoa ukingo wake. Tukubali kusema: tulitaka mkwaruzo ubaki, tukasema ni kwa upendo wa baba, na upendo ulikuwapo. Lakini ulikuwapo pia utamu mwingine. Miaka yote tangu 2005, kila kaka alipotoa ushauri juu ya shamba au mahari, mmoja wetu alitupa jicho kwenye mkono wa baba. Hatukusema neno. Hatukuhitaji. Mkwaruzo ule ulituweka sisi tuliobaki nyumbani hatua moja juu ya aliyeondoka, na mchungaji wa familia, ambaye amehubiri Luka 15 mara nyingi, hakujitambua kuwa ni yule kaka anayesimama nje akikataa kuingia kwenye karamu. Uchafu mweusi uliotoka kwenye bakuli haukuwa wa kaka peke yake. Mwaka 1517 Martin Luther alianza hoja zake 95 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba. Sisi tulikuwa tumeiacha toba kwa kaka peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa na kitu cha kuonekana.

Tuseme na hili, kwa sababu tunajua watasoma watu wenye majeraha mazito kuliko ya mkanda wa saa. Mwanamke aliyepigwa na mumewe na kubaki na kovu usoni asiambiwe na yeyote, kwa kisa hiki cha baba yetu, kwamba alivae kovu lake kwa furaha. Akitaka kulifunika, alifunike. Asiambiwe pia kwamba mradi ndoa imepatanishwa anapaswa kusahau. Baba ndiye aliyeumia, mkono ulikuwa wake, na ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua asage nini na aache nini. Bwana naye aliyaonyesha majeraha yake mwenyewe. Hakuna aliyemvua vazi ili yaonekane. Katika usharika tumekosea pande zote mbili: tumewalazimisha waliojeruhiwa kung'aa kabla hawajaoshwa, na tumewakumbusha waliosamehewa mambo ambayo wenye majeraha walikwisha kuyanyamazia.

Tulirudi nyumbani na kumwambia kaka kwamba tunauondoa mkono wetu. Mkwaruzo ulikuwa wa baba na wake. Baba alikwisha kuamua upande wake. Afanye atakavyo, na akiufuta hatutamnung'unikia. Dada yetu mkubwa alilisema hilo kwa shida, lakini alilisema yeye, si mwingine, na akamwomba radhi kaka kwa yale macho ya miaka yote. Kaka alikaa na saa siku tisa.

Jioni ya kuamkia kipaimara alimchukua kijana wake uani. Mashine ya kumenyea kahawa bado ipo, imeshabadilishwa mpini mara mbili. Walikaa pale mpaka kuku wakaingia bandani. Alichomwambia hatukijui, hatukuitwa, na safari hii hatukuchungulia dirishani. Tulimwona kijana akitia kidole kwenye ukingo wa mashine, kama tulivyotia vidole kwenye kimondo.

Fundi alikuwa amebadilisha pini mbili zilizolika na kuuacha uso wa mkanda ulivyo. Lilibaki tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria: mkono wa kijana wa miaka 15 ni mwembamba, na saa ilimzunguka kama bangili. Asubuhi ya Jumamosi kaka alikuwa amempeleka Mlowo apunguziwe mkanda, na mwenye kalamu alifuatana nao. Fundi alisema inabidi atoe pingili tatu, ambazo zitahifadhiwa mpaka mkono ujae. Akauweka mkanda juu ya kioo. Zile zenye mkwaruzo zilikuwa tatu kamili, zinafuatana, karibu kabisa na kibanio, mahali ambapo mafundi hutolea. Aliziona, akatuangalia, akangoja. Hakuna msasa ambao ungehitajika. Zingeingia kwenye bahasha, bahasha ingeingia kwenye Biblia ya mama, na mkanda ungebaki mzima bila kusagwa popote.

Mwenye kalamu alinyamaza. Kijana alimtazama baba yake.

"Toa za upande wa pili," kaka alisema.

Fundi akachukua kitobozi chake kidogo, akaugeuza mkanda.